Dawa Moja, Mara Mbili

Mave mwanangu,

Lori la mbao litatoka hapa Mambasa kesho asubuhi, na dereva ameniapia kwamba barua hii ataiweka mkononi mwako wewe, si kwa jirani wala kwa mtu wa kutumwa. Barabara ikikubali, utaipata jioni yako ya mwisho pale nyumbani Bigo, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa. Ninaandika mchana wa Jumapili, nimekaa juu ya gogo na kipande cha ubao magotini. Wenzangu wamekwenda ibadani. Nimewaambia mgongo unaniuma. Unauma kweli, lakini sikubaki kwa ajili ya mgongo.

Sitakuambia uvae nini Kisangani, wala ulale kwa nani, wala ujihadhari na watu gani. Hayo mama yako amekuambia, tena amekuambia mara tatu, maana ndivyo alivyo siku hizi. Mimi shule yangu iliishia mwaka wa sita wa msingi. Wewe umemaliza sekondari, umepata diploma ya Serikali, na unakwenda kusomea dawa. Ni aibu kidogo mtu kama mimi kukuandikia habari za dawa. Lakini lipo jambo moja ninalolijua kwa sababu nililifanya kwa mikono yangu, na limekaa kwangu miaka yote hii.

Linahusu masikio ya mdogo wako Lobho.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili wakati ule, yeye mitano. Tulikuwa tumekimbia mapigano Djugu na nguo tulizovaa, tukapewa nafasi chini ya hema pale kambini Bunia. Unakumbuka jinsi mvua ilivyopita chini ya turubai. Lobho akashikwa na malaria. Muuguzi wa kambi alisema dawa ya kawaida imekwisha, akatupa chupa ndogo ya kinini ya matone. Aliandika kwenye kikaratasi matone mangapi, mara ngapi kwa siku. Mama yako hajui kusoma, lakini kuhesabu anajua kuliko mimi. Aliuza maharagwe sokoni tangu msichana, kopo kwa kopo, na hakuna mtu aliyewahi kumdanganya. Kwa hiyo matone aliyachukua yeye. Alipiga magoti, akashika kijiko kwenye mwanga wa mlango, akahesabu kwa sauti.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilitazama yale matone ndani ya kijiko, hayakufika hata nusu yake, na mtoto anawaka kama sufuria. Nikasema moyoni: hii ni dawa ya kumtibu panya. Uelewe nilivyokuwa. Ng'ombe wamekwenda, nyumba imechomwa, mimi mwanaume mzima nakaa chini ya turubai la kupewa, na kazi pekee iliyobaki ndani ya familia yangu, kumhesabia mtoto dawa, anaifanya mke wangu. Mikono yangu ilikuwa haina kitu cha kushika.

Kwenye hema la pili alikaa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi upande wa Lubero, kwenye mashamba ya mti wa kinini. Alikuwa na fungu la magome yake makavu. Kila aliyekuwa na homa alimwendea, na hakutoza mtu. Aliniambia, "Chemsha mpaka ikuwe mwekundu. Dawa ya hospitali inapigana na malaria juu juu. Hii inaenda kuikamata mu mufupa." Muuguzi alikuwa ametuambia tusimchanganyie mtoto kitu kingine, na mama yako alikuwa amelishika neno hilo kama Amri ya Mungu. Kwa hiyo sikumwambia. Kila alipokwenda kuchota maji asubuhi, na tena jioni, nilimnywesha Lobho kikombe cha maji ya magome. Yalikuwa machungu kiasi kwamba yeye alilia. Nikatia sukari.

Siku ya pili aliniambia, "Baba, nyuki iko naimba mu masikio yangu."

Mave, nilifurahi. Unajua watu wetu wanavyosema: masikio yakilia, kinini imefika. Nilimwambia, "Acha ziimbe, mwanangu, zinafukuza ugonjwa." Nikamwongezea kikombe.

Siku ya tatu alitapika mfululizo na akaanza kutetemeka. Ya nne homa ilikuwa imeshuka. Mama yako akamwita kutoka mlangoni, hakugeuka. Akamwita tena. Alikuwa anacheza na kifuniko cha ile chupa, anatabasamu, na hakugeuka.

Ulikuja nasi hospitali, lakini ulibaki nje kwenye benchi, kwa hiyo hili hukuliona. Yule aliyetupokea alikuwa mtu wa makelele. Aliuliza mbele ya wagonjwa wote, "Mulimupatia tena ile buchafu yenu ya miti?" Watu wakatutazama. Mama yako akasema hapana, akasema kweli, maana hakujua. Kisha yule mtu akanitazama mimi.

Nikasema, "Hapana."

Akageuka kwa mama yako. "Basi nani alikuwa anahesabu matone?"

"Ni mimi."

"Ulihesabu muzuri?"

Hapo alisita. Mtu yeyote angesita, mtoto wake yuko mapajani na hasikii. Akasema, "Nazani nilihesabu muzuri." Yule mtu akaandika kitu kwenye karatasi. Daktari alikuja baadaye, mtu mpole. Alisema malaria ikipanda kichwani inaweza kuua masikio yenyewe bila msaada wa mtu, na kinini ikizidi inaweza vilevile, na kwamba hawezi kujua ni ipi. Alisema pengine yatarudi. Tulingoja. Hayakurudi.

Mama yako hakusikia ile "pengine". Alisikia "ulihesabu vizuri?" na anaisikia mpaka leo.

Mimi nilikuwa pale, hatua mbili kutoka kwake. Ningeweza kusema siku ile. Ningeweza kusema njiani tukirudi, au mwezi uliofuata. Kila siku niliyonyamaza iliifanya siku iliyofuata iwe ngumu zaidi, mpaka uongo ukawa kama mtu wa nyumbani, ana mahali pake pa kukaa.

Sasa nikukumbushe jambo lako, na nisamehe. Tulikuwa tumekwisha hamia Bigo. Ulikuwa na miaka kumi na minne. Mama yako alikuwa anakuomba umhesabie tena makopo ya maharagwe, mara ya tatu, nawe umechoka, una masomo. Ukamwambia, "Mama, ungehesabu hivi wakati wa Lobho." Aliinama kwenye jiko akapuliza makaa yaliyokuwa yanawaka tayari. Mimi nilikuwa na tonge la bugali mkononi. Nililichovya kwenye mboga ya sombe, nikalila. Nakumbuka ladha yake. Tangu siku ile nimeona jinsi mnavyozungumza, wewe na yeye: chumvi iko wapi, maji yamechemka, nguo zimekauka. Hakuna zaidi.

Wiki mbili baadaye niliwaambia ninakuja Mambasa kutafuta kazi ya mbao. Kazi ilikuwepo hata Bunia, ya matofali na ya kubeba mizigo. Nilikimbia.

Huku tunapasua miti ndani ya msitu, halafu tunabeba mbao mabegani mpaka barabarani, mtu akitembea saa moja au mbili kwenye tope. Asubuhi kabla ya kuondoka karibu kila mbebaji anameza vidonge vya maumivu, vile vinavyouzwa vimechanganywa ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, chekundu kimoja, cheupe kimoja, cha njano kimoja, bila jina. Nami nilimeza. Bega linanyamaza, unabeba. Mwenzangu mmoja wa timu alitapika damu kama kahawa kwenye njia, tukambeba kwa mbao zilezile alizokuwa anabeba. Alipona, ila habebi tena. Papa Tabu, muuguzi mzee mwenye dispensari ndogo hapa barabarani, alituambia wote tukiwa tumesimama mlangoni kwake, "Bega inalia, siye tunaifunga kinywa. Haijapona. Imenyamaza tu." Wenzangu walicheka. Mimi nilitazama chini.

Ni huyo Papa Tabu aliyenivua nguo, bila kukusudia.

Mwaka juzi nilishikwa na malaria. Nilikwenda kwake na ile tabia ya zamani, nina termosi yangu. Alinipa vidonge vya kinini, akaniona ninavimeza kwa kilichokuwa ndani ya termosi.

"Weye, unakunywa nini mule?"

"Chai, Papa."

"Chai ya namna gani inanuka hivi? Leta." Akaonja, akatema mpaka mlangoni. "Chai ya shetani! Hii ni magome ya kinini."

"Ndio, Papa. Iko inasaidia vidonge yako."

"Inasaidia!" Akawageukia waliokuwa wanangoja. "Musikie huyu. Muke yake amekwisha kutia chumvi mu mboga, yeye anatia tena, anasema anasaidia." Watu wakacheka, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Wanaume ni vile, Papa, hawaulizake." Kisha akaniketisha. "Nisikilize, kichwa nguvu. Vidonge yangu ni kinini. Bazungu walitoa kinini wapi? Ku ule muti yako. Sasa haiko dawa mbili. Iko dawa moja, mara mbili."

Nilimwambia, "Lakini moja ni ya hospitali, nyingine ni ya nyumbani."

"Mwili haijue hospitali. Mwili haijue nyumbani. Haisomake kikaratasi."

Alinieleza kwa mambo ninayoyajua, na ninakuandikia jinsi nilivyoelewa. Wewe utasahihisha huko mbele. Alisema dawa ukiimeza inaingia kwenye damu, na damu inakwenda kila mahali, kwa hiyo dawa nayo inakwenda kila mahali. Haina macho. Haijui kwamba uliimeza kwa ajili ya homa. Inafika kwa malaria, inafika pia kwenye moyo, na kwenye masikio. Mahali inapokuta pa kushika, inashika. Alisema ini ni kama barieri ya ukaguzi barabarani: kila kitu kinapita pale, na wale wa barieri wana mwendo wao wa kupakua. Ukituma malori mawili watapakua. Ukituma kumi hawaongezi mikono. Yanayobaki yanasubiri, na yanasubiri ndani ya damu. Figo nazo zinamwaga kidogo kidogo kwenye mkojo. Dawa haitoki yote mara moja. Nusu inatoka, halafu nusu ya iliyobaki, halafu nusu ya hiyo, kama sisi tunavyomaliza rundo la mbao. Ndiyo maana wanaandika saa. Ukishusha mzigo mwingine kabla wa kwanza haujapungua, rundo linapanda, na hakuna anayeliona linapanda, kwa sababu liko ndani.

"Kuko dawa," akasema, "njia yake ni pana, ukikosea kidogo unapita tu. Kinini ni daraja ya muti moja. Huku malaria, huku sumu, weye unatembea pa katikati. Masikio ikianza kulia, ndio mguu inateleza. Pale unarudi kuona munganga wa hospitali. Hauongezi."

Nikamwuliza, "Na mtoto, Papa? Mtoto wa miaka mitano?"

Aliacha kucheka. "Mutoto daraja yake ni nyembamba zaidi. Mutoto gani?"

Nikasema, "Nauliza tu."

Alijua. Hakunisukuma. Alichukua termosi yangu, akaimwaga nje, akaisuuza kwa maji moto, akanirudishia. "Mimi siwezi kuapa ni nini ilifanya," akasema. "Hakuna mutu anaweza kuapa. Lakini kama kuko mutu alibeba hii mambo badala yako, umwambie." Ni kama alikuwa amekaa nasi Bigo.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Nimekuja nyumbani mara tatu tangu hapo. Kila mara nimekaa, nimekula, nimerudi.

Kuna kitu kimoja zaidi. Unajua alama za mikono za Lobho, ninyi wawili ndio mlizitunga. Mama yako kwake ni kugusa vidole vyake kimoja kimoja, kwa sababu kila akimtazama anamwona anahesabu. Mimi ni mkono unaoinua kikombe mdomoni. Mlisema ni kwa sababu ninapenda mandale, na majirani wakacheka, "Mutoto anajua baba yake!" Nami nikacheka nao. Nilikubali kuitwa mlevi. Mandale sinywi sana, Mave, unajua. Kile kikombe si changu. Ni chake. Alikuwa na miaka mitano na hakusahau nani alimwinulia.

Nawaza sana yule mtu wa hospitali na swali lake. Nilikosa mimi, sitamtwika yeye. Lakini siku moja utasimama nyuma ya meza ya farmasi, nyuma yako dawa zimepangwa, mbele yako atakuja mwanaume mwenye tope miguuni na mtoto mgonjwa. Utahitaji kujua amempa nini kingine. Kila mtu ametoa kitu kingine, mwanangu. Magome, maji ya kanisa, kidonge cha jirani kilichobaki. Muulize kwa sauti ambayo mtu anaweza kuijibu. Mtoe kando kidogo. Umwambie, "Baba, siye wote tunajaribu kusaidia watoto yetu, weye ulijaribu na nini?" Mimi ningeulizwa hivyo, sijui. Pengine ningesema. Nisiseme ningesema kwa hakika, nimekwisha kusema uongo wa kutosha.

Sasa hiki ndicho ninachokuomba, na hakuna kingine.

Jina lililo juu ya barua hii ni lako, lakini mama yako hajui kusoma. Msomee. Jioni hii, kabla hujalala. Sikumtuma dereva aseme kwa mdomo, kwa sababu ingepungua njiani. Nawe usiipunguze. Usiruke mahali pa hospitali, ndipo utakapotaka kuruka. Usiruke mahali pa makaa. Hapo sauti itakukataa, ngoja irudi, uendelee. Lobho akiwepo, mwache akae. Mama yako asipoamini, amwangalie Lobho anavyoniita.

Akinyamaza, mwache anyamaze. Akiinuka kwenda nje, usimfuate upesi. Akikuuliza kama ni kweli alihesabu vizuri, mwambie baba alikuwa amesimama nyuma yake kila siku, na baba alikuwa anahesabu pamoja naye kimoyomoyo, akitafuta kosa, na hakulipata hata mara moja. Hilo ni kweli. Ningepaswa kumwambia mwenyewe. Ndani ya lori nafasi ipo, dereva amenipa. Sina uso. Nimeamua kuwa mkweli, basi hata hilo lijue.

Gari lako la Kisangani litapita hapa Mambasa. Yote yanasimama barieri, abiria wanashuka, wanaonyesha karatasi, wanakula ndizi za kuchoma. Nitakuwa pale, upande wa dispensari ya Papa Tabu, tangu asubuhi, na kesho yake pia kama mtachelewa. Kama hukumsomea, kaa ndani ya gari. Sitagonga dirisha, nitakutazama tu ukipita. Kama umemsomea, shuka.

Na kama mama yako amekupa neno la kuniletea, liwe tusi, liwe laana, niletee lilivyo. Usilitie sukari.

Baba yako